Wakunga Wangapi Wanatosha Wodi ya Uzazi?

Ndugu waganga wafawidhi na makatibu wa afya, orodha ya mishahara haiwaambii nani yuko wodini saa tisa usiku. Nafasi moja ya mkunga, ikitakiwa kuwa na mtu mchana na usiku kwa zamu za saa nane, ni zamu 1,095 kwa mwaka. Mkunga mmoja ana siku 260 za kazi. Toa likizo, sikukuu, mafunzo na maradhi, zinabaki kama 215. Gawanyeni: nafasi moja inataka wakunga watano na ushei. Wodi yenye wakunga tisa kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), basi, haiwezi kuweka wawili kila zamu, na pengo kwa kawaida hutupiwa usiku.

Huyo mmoja wa usiku anatakiwa kufanya nini? Mama akishaingia kwenye uchungu kamili, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, dakika nzima. Uchungu wenyewe huhesabiwa kwa dakika 10, mkono ukiwa tumboni. Pamoja na kuandika, ni kama robo saa. Wakiwa mama wawili, nusu saa imekwisha, na hapo hatujamgusa anayesukuma, ambaye mwanawe husikilizwa kila dakika tano. Ndiyo maana patografu, chati ya kufuatilia uchungu, hujazwa mtoto akishazaliwa, mapigo 140 toka juu hadi chini. Wakaguzi huipenda chati hiyo. Kwangu, yenye mapengo ina ukweli zaidi.

Kibaya kuliko vyote ni mtoto asiyelia. Kama hapumui, anahitaji kupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Dakika hiyohiyo mama anatakiwa kuchomwa oksitosini uniti 10 ili asivuje damu. Mikono miwili haitoshi. Wawili kila zamu ndicho kiwango cha chini kabisa, yaani wakunga 11 kwenye ikama, si tisa.

Sasa fedha. Posho ya saa za ziada ikilala miezi, mkunga hushika kibarua cha mchana hospitali binafsi, kisha huja zamu ya usiku hajalala. Kumwandikia barua ya onyo hakumpunguzii usingizi. Kabla ya kuomba kibali cha ajira, lipeni posho pamoja na mshahara wa mwezi uleule, na muwaondolee wakunga kazi ya kufuata dawa stoo na kujaza rejista za takwimu. Ombi lenyewe liandikwe kwa zamu zinazokosa mtu, kwa tarehe, kutoka kwenye ratiba ya miezi mitatu iliyopita.