Kocha Ameondoka, Malipo Yanaendelea

Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: mshahara wa kocha wa futiboli ya vyuo Marekani (si soka, ni ile ya mpira wa umbo la yai) haunikoseshi usingizi. Kinachonikosesha ni anacholipwa akishafukuzwa.

Mchukueni kocha Jimbo Fisher. Mwishoni mwa 2017 Texas A&M, chuo kikuu cha umma cha jimbo la Texas, walimpa mkataba wa miaka 10 kwa dola milioni 75, zote za uhakika, ashinde ashindwe. Kabla hajasimamia hata mechi moja, John Sharp, wakati huo mkuu wa kundi la vyuo ambalo chuo hicho kimo, alimkabidhi kibao cha ubingwa wa taifa. Mwaka haukukamilishwa. Paliandikwa 20, kisha pengo, aje alijaze yeye. Msimu wa 2020 timu ikapoteza mechi moja tu, na 2021, furaha ile ikiwa bado mbichi, wakamwongezea miaka hadi 2031.

Novemba 2023, siku moja baada ya kuilaza Mississippi State 51-10, akatimuliwa. Deni la chuo kwake: zaidi ya dola milioni 75. Robo yake ndani ya siku 60, kisha milioni 7.2 kila mwaka hadi 2031. Pigeni hesabu wenyewe: karibu dola 20,000 kwa siku, Jumapili imo, sikukuu imo, na pengo la kibaoni halijajazwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Makocha wengi mikataba yao huwataka watafute kazi, na watakachopata kikatwe kwenye fidia. James Franklin alipoondolewa chuo cha Penn State Oktoba 2025, alikuwa anadai karibu milioni 49. Akapata kazi chuo cha Virginia Tech, akaelewana na Penn State, deni likashuka hadi milioni 9. Fisher hakufungwa na sharti hilo. Hata akiajiriwa kesho, hakatwi kitu.

Mtaniambia si kodi ya wananchi, ni michango ya wapenzi wa timu. Najua. Lakini chuo ni cha umma, na wapenzi hao wana mfuko mmoja. Vijana wanaovunjika mifupa uwanjani waliambiwa miaka yote kwamba mshahara ni mwiko. Vyuo vilianza kuwagawia mapato moja kwa moja Julai 2025, kikomo dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa wanamichezo wote wa chuo. Haifiki hata thuluthi ya fidia ya mtu mmoja aliyekwisha kuondoka!

Nilitaka kugusa bonasi na mawakala, muda hauniruhusu. Nanyi mnaokaa kwenye bodi za vyuo, kabla ya saini ulizeni: akipata kazi kwingine, tunaendelea kumlipa? Mwanasheria akisitasita, wekeni kalamu chini.