Tumfungue kuku tuone punje inapita wapi

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kuku ameshanyonyolewa na tumbo nimeshalifungua, hayo mnayajua. Leo tunafuata safari ya punje ya mahindi tangu mdomoni hadi nje.

Huu mfuko laini chini ya shingo ni gole. Ukiubonyeza, punje zinacheza ndani. Hapo zinalowana tu zikingoja zamu. Kuku hana meno, anameza kama alivyookota.

Sasa msivute kitu! Tazameni chini ya ini, kile kifuko cha kijani. Ndiyo nyongo. Mara ya kwanza nilivuta ini kwa pupa, kikapasuka, kila kitu kikawa kijani nisijue kipi ni kipi. Liinueni kwa vidole viwili, kateni utando kidogo kidogo. Kidogo kidogo, nimesema! Kazi ya nyongo ni kuyavunja mafuta yawe matone madogo huko kwenye utumbo mwembamba.

Lo, kumbe muda wote mnatazama kiwiko changu. Haya, nimesogeza kamera.

Uvimbe huu mdogo ni tumbo la tezi: humu mna tindikali na pepsini, kimeng'enya cha kukata protini, basi protini zinaanza kukatwa. Tuendelee, maana ninachokipenda ni hiki: firigisi. Ipasueni ubavuni, msiende ndani sana, kisu kitagonga mawe. Mmesikia? Krr! Vijiwe hivyo alivimeza mwenyewe, ndiyo meno yake. Misuli hii minene ikibana, punje zinasagika katikati ya mawe. Hiki hapa, hebu nikilete karibu... kimekuwa mviringo, kingo zote zimelika. Na ngozi hii ya njano yenye mikunjo inalinda nyama isichubuke. Ingizeni ukucha pembeni, inabanduka yote. Naweza kuibandua kutwa nzima.

Utumbo mwembamba, kwa kuku mkubwa, ni kama mita moja na nusu. Virutubisho vingi vinafyonzwa humo. Kitanzi cha kwanza kimekumbatia kongosho, hii nyama ya rangi ya waridi. Msiunyooshe kwa nguvu, unakatika. Umekatika. Basi, mmeona.

Mikia hii miwili iliyoziba mwishoni ni makao ya bakteria, wanachachusha mabaki. Mwisho ni kloaka, ambako mkojo na kinyesi vinakutana. Ule weupe juu ya kinyesi cha kuku ndio mkojo wenyewe. Upo hapa kwenye kisu, na kwenye shati langu pia.