Pasua kijipu uone rangi
(Mhadhara kwa wakulima wa bustani, Bukavu)

Jambo yenu, wamama na wababa. Nimewaletea shina moja la maharage lililotoa maua, nimelichimba asubuhi hapa Bagira pamoja na udongo wake. Mpitishiane polepole.

Mnaviona hivi vijipu kwenye mizizi? Wengi hudhani ni ugonjwa. Uvimbe wa ugonjwa, ule wa minyoo ya udongoni, ni mzizi wenyewe uliofura, hautoki. Hivi ukivigusa kwa ukucha vinabanduka. Kikiwa chekundu ndani, bakteria, vile vijidudu vinavyoishi humo, wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hapo hakuna kazi.

Kazi yenyewe ni kuipatia mimea chakula kiitwacho azoti, ile ambayo wenzetu wa Tanzania huiita naitrojeni. Hewa ni azoti 78 kwa mia, lakini mahindi hayana kinywa cha kuila. Bakteria huigeuza ikalika, na mharage huwalipa sukari. Mjerumani Hellriegel alilieleza jambo hili miaka ya 1880.

Sasa nifike kwenye kinachonikera. Tunasema maharage yanarutubisha shamba, kisha tunang'oa shina zima, tunalipeleka nyumbani, tunapiga uani, na maganda tunayachoma. Sehemu kubwa ya ile azoti imo ndani ya punje, nayo inaishia chunguni au soko la Kadutu. Udongo umebakiwa na nini? Na maharage yetu, tusifichane, ni mvivu kwa kazi hii. Soya na kunde humshinda. Basi kata shina kwa kisu, mizizi uiache ioze palepale, na majani na maganda yarudi shambani. Vitabu husema uzike mmea wote ukiwa kwenye maua. Ni kweli, lakini mwenye watoto nyumbani sitamwambia azike chakula.

(Mama mmoja anauliza: "Na mbuzi wangu watakula nini?")

Wape maganda, mama, ila samadi yao irudi kwenye shamba lililotoa maganda. Sisi huwa tunaimwaga yote kwenye migomba iliyo karibu na nyumba, kwa sababu kupanda mlima na kikapu cha samadi kunachosha. Migomba inanona, shamba la mbali linakonda.

Tena udongo wetu mwekundu una asidi, bakteria hawaupendi. Jivu la jikoni linausaidia kidogo.

Lile shina limefika wapi? Wewe kijana wa nyuma, pasua kijipu kimoja, utuambie rangi yake.