Kuoanisha MRI ya tezi dume na slaidi ya patholojia

Kushoto kwenye skrini ni MRI ya tezi dume, tabaka moja la milimita 3. Kulia ni slaidi, yaani picha ya kipande chembamba kilicholazwa kwenye kioo, ya tezi hiyohiyo baada ya kutolewa yote kwa upasuaji, na mwanapatholojia ameizungushia saratani mstari wa kijani. Mstari huo ndio tunaouhamishia kwenye MRI leo.

Msianze na programu. Angalieni kwanza slaidi imelala vipi. Kwenye MRI, upande wa kulia wa mgonjwa unaonekana kushoto kwa skrini. Kipande kikigeuzwa kinapolazwa kwenye kioo, pande zinabadilishana. Tazameni wino wa maabara ukingoni: hapa bluu ni kulia, nyeusi ni kushoto. Niliwahi kumaliza mchana mzima nikiilaumu programu, kumbe slaidi ilikuwa imepinduka.

Kama tezi ilikatwa robo robo, ziunganisheni kabla ya kuendelea.

Sasa, slaidi hii inalingana na tabaka lipi? Haiwezi kulingana sawasawa, maana yenyewe ina unene wa mikromita chache tu. Hesabuni kutoka nchani mwa tezi kwenda juu kibofuni, mpate tabaka mbili tatu za kuchagua, halafu tazameni ndani. Vuteni karibu hapa: kinundu cha mviringo nyuma ya mrija wa mkojo, na kidogo zaidi kimekiegemea ubavuni. Sasa slaidi. Vinundu vilevile viwili, vimekaa vilevile. Tabaka ni hili.

Choreni mpaka wa tezi kwenye picha zote mbili. Ndani ya 3D Slicer, programu yetu ya picha za kitabibu, zungusheni slaidi na kuisogeza, kisha ruhusuni ukubwa ubadilike, kwa sababu nyama husinyaa kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi. Kuvuta na kukunja kuje mwisho, tena kidogo. Ukiiachia programu ivute itakavyo, mipaka italala vizuri huku vinundu vimepondeka.

Mnapohamisha mstari wa kijani, chagueni thamani ya pikseli iliyo karibu zaidi, si wastani wa pikseli jirani, ili ukingo usiwe na namba za katikati zisizo na maana.

Kupima: ukingo kufunikana haunitoshi. Chukueni alama ambayo hamkuitumia kuoanisha, mfano kijifuko hiki cha maji, mpime umbali wake kati ya picha mbili. Hapa napata milimita 1.8. Ingefika 5, ningerudi kuchagua tabaka upya.