Pengo la Bustani Huanzia Kwenye Kitalu

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Nitaanza na jambo moja ambalo mimi lilinichukua miaka mitatu kulielewa, na natamani nyinyi mtoke nalo hapa leo hii.

Mwaka wangu wa kwanza wa bustani nilifungua pakiti ya mbegu za letasi nikazimwaga zote siku moja. Ziliota vizuri sana. Wiki ya saba nilikuwa na letasi za kugawa kwa majirani wote, na wiki ya tisa zote zikatoa mashina ya maua kwa pamoja, majani yakawa machungu, nikazing'oa. Kisha nikakaa karibu miezi miwili sina hata jani la kuchuma. Nililaumu udongo, nikalaumu jua. Lakini kosa lilikuwa kwenye ile pakiti. Nilisia mara moja, mavuno yakaja mara moja.

Pengo unaloliona bustanini leo lilichimbwa wiki sita au nane zilizopita, siku ambayo ulitazama bustani ukaiona imejaa, ukasema hakuna haja ya kusia. Mtu anayechuma mboga mwaka mzima ni yule anayesia hata bustani ikiwa imejaa. Ukubwa wa shamba haumpi hilo.

Hesabu yenyewe huanza mwisho na kurudi nyuma. Figili huwa tayari kwa siku 25 hadi 30 tangu kusiwa. Letasi huchukua siku 45 hadi 60, maharage ya kula machanga 50 hadi 60. Nyanya hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, kisha huhitaji siku nyingine 60 hadi 80 baada ya kupandikizwa. Chagua siku unayotaka kuchuma, toa siku hizo, utapata siku ya kusia. Kwa mboga za majani nasia mbegu kumi au kumi na tano kila baada ya wiki mbili, basi. Maharage kila wiki tatu. Nyanya zinavumilia zaidi kwa sababu mche mmoja unazaa kwa muda mrefu. Iwekeeni kazi hii siku yake maalumu, kama vile nyumba inavyokuwa na siku ya kufua, kwa maana ukisubiri upate nafasi hutasia.

Sasa, kwa sisi wa mjini wenye roshani au kipande cha ua, kitalu kina faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Trei moja ndogo inabeba miche hamsini. Inakua huko pembeni wakati tuta bado lina mazao ya zamani. Siku unapong'oa mmea uliochoka, jioni hiyo hiyo unaatika mche wenye umri wa wiki nne. Wiki nne hizo umezipata bila kuwa na ardhi yake. Katika eneo la meta mbili, hiyo ni tofauti kubwa mno. Ila karoti na figili zisiwekwe kitaluni: mzizi wake ndio chakula chenyewe, na ukiugusa ungali mchanga hupinda au hugawanyika. Mbegu zake zipandwe pale pale zitakapokulia. Maharage nayo hukua haraka kiasi kwamba kitalu hakiongezi kitu.

Tuje kwenye mbegu. Mbegu inataka maji, hewa na joto, na kila moja ina kiwango chake. Kina cha kuifukia ni mara mbili au tatu ya unene wake, si zaidi. Letasi inapenda mwanga inapoota, kwa hiyo ibonyeze tu juu ya udongo uliolowa. Na udongo ukipita nyuzi joto 30 za Selsiasi, letasi nyingi hugoma kuota hata kama mbegu ni nzima kabisa. Watu wengi huzitupa wakidhani wameuziwa mbegu mbovu. Zisie jioni, trei ilale mahali penye ubaridi, maana saa za kwanza baada ya mbegu kunywa maji ndizo zinazoamua. Pilipili hoho ni kinyume chake: inataka nyuzi 25 hadi 30, na kwenye udongo wa baridi itakaa tu hadi ioze. Hata ikipata joto lake, inaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Msiifukue kuangalia.

Naomba nikae kidogo kwenye ugonjwa wa kinyausi, kwa sababu ndio unaowakatisha tamaa wanaoanza. Jioni unaacha miche imesimama, asubuhi unaikuta imelala, shingo imekuwa nyembamba kama uzi pale inapogusana na udongo. Hao ni vimelea wa udongoni, na mche ulioanguka hauponi. Kinachowapa nguvu ni mambo matatu tunayoyafanya kwa mapenzi kabisa: kumwagilia kila tunapopita, kusia kwa msongamano, na kuifunika miche kwa plastiki muda mrefu baada ya kuota. Ondoa kifuniko mara tu miche inapochomoza. Weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, inywe kutoka chini, kisha itoe. Fanya hivyo asubuhi, uso wa udongo uwe mkavu kufikia usiku. Osha trei za zamani kwa sabuni. Na punguza miche. Najua inauma kung'oa kitu ulichokiotesha mwenyewe, nami kwa muda mrefu nilishindwa, lakini miche mitatu kwenye shimo moja haikupi mimea mitatu, inakupa mitatu dhaifu. Kata ile ya ziada kwa mkasi, usiivute, ili mizizi ya mche unaobaki isitikiswe.

Miche inayokua mirefu na myembamba ikiegemea dirishani inakosa mwanga. Ukitumia taa, iweke karibu, kama sentimita 10 hadi 15 juu ya majani, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku. Kuna jambo jingine linalonifurahisha kila nikilifanya: pitisha kiganja taratibu juu ya miche mara chache kila siku. Mguso huo, kama upepo, huifanya inenepe shina na kuwa mifupi. Kabla ya kuipandikiza nje, izoeshe siku saba hadi kumi: saa moja kivulini, kesho mbili, hadi ilale nje. Ukiruka hatua hii, jua la siku moja litaunguza kazi ya wiki sita.

"Mwaka mzima" haina maana moja kila mahali. Penye majira ya baridi, urefu wa mchana ukishuka chini ya saa kumi za mwanga, ukuaji karibu husimama, hata mmea ukikingwa baridi. Kwa hiyo kusia kwa ajili ya baridi hufanywa mwishoni mwa majira ya joto, ili mboga ziwe zimekomaa siku zinapofupika, kisha zinachumwa taratibu kama akiba iliyo hai. Penye joto la kudumu adui ni jua kali na mvua kubwa: kitalu kiwe chini ya paa au neti ya kivuli, na miezi ya joto zaidi iachiwe bamia, kunde na mchicha, ambazo hufurahia hali hiyo.

Kuhusu udongo nitasema kidogo tu. Ardhi ya mjini, hasa karibu na nyumba zenye rangi za zamani au barabara kubwa, inaweza kuwa na madini ya risasi. Tumia vyombo au matuta yaliyoinuliwa yenye udongo ulioletwa. Kina cha sentimita 20 kinatosha mboga za majani, nyanya zipewe 30, na kila chombo kitobolewe chini.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama mbegu zilizobaki pakitini bado zitaota. Mwaka 1879, Profesa William Beal huko Michigan, Marekani, alifukia chupa 20 zenye mbegu. Moja ilifukuliwa mwaka 2021, na baadhi ya mbegu zikaota baada ya miaka 142. Hizo zilikuwa za magugu. Kitunguu hupoteza nguvu kwa mwaka mmoja au miwili, ilhali nyanya hukaa minne na zaidi ikitunzwa. Unyevu na joto ndivyo vinavyoziua, kwa hiyo zikaushe vizuri, zifunge kwenye chupa, ziweke penye ubaridi. Ukiwa na shaka, funga mbegu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota saba, ongeza kidogo unaposia. Zikiota mbili, nunua nyingine. Ukizipima leo unajua mapema. Ukisubiri tutani utajua baada ya wiki tatu, na hilo ni pengo jingine.

Mezani hapa nimeweka trei tatu za letasi, za pakiti moja. Ya kwanza niliisia siku tano zilizopita, ya pili siku kumi na tisa, ya tatu siku thelathini na tatu. Njooni muiguse ile ya tatu. Mizizi imeshafika chini ya trei, na jioni nikirudi nyumbani naenda kuiatika. Ya nne nitaisia hapa mbele yenu, sasa hivi.