Nimeunda Baiskeli ya Milimani Hapa Dodoma kwa Chini ya Laki Saba

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, na nyote mnaonitazama kutoka Manyoni, Singida, Kondoa, popote mlipo. Wakubwa zangu, shikamooni. Leo nyuma yangu hamuoni mvua wala mitaa ya Sheffield, Uingereza. Hapa ni nyumbani kwa mama, Veyula, na mti huo ni mwarobaini wake. Niko likizo wiki tatu, na mbili kati ya hizo nimeshinda na grisi mikononi.

Ngoja nigeuze kamera. Hii hapa.

Shokapu iko mbele tu. Nyuma hakuna, fremu imekaza moja kwa moja mpaka kwenye ekseli. Kule wanaiita haditeili. Kwa vumbi letu hili ndiyo ninayoipenda, maana baiskeli yenye shokapu ya nyuma ina maungio mengi, kila ungio lina beringi, na kila beringi vumbi likiingia ni pesa.

Lakini kabla sijaingia kwenye vyuma, lazima niwaambie kwa nini nimeijenga.

Miaka miwili iliyopita nilimletea mpwa wangu baiskeli. Niliinunua kwa pauni 280: fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, breki za mafuta mbele na nyuma. Nilijivunia mno. Akaipanda miezi minne, kisha pale katikati, krenki, yaani mikono ya pedeli, zinapopita, beringi zikaanza kulia. Akaipeleka kwa fundi Majengo. Fundi akaiangalia, akamwambia: "Kijana, hii haina nyuzi za kufungia, imegongewa. Nikiitoa, nitarudishia nini?" Akazunguka mjini kutafuta, hakupata. Akaiegemeza ukutani kwa jiko la mama, na mimi hakunieleza. Nimefika mwaka huu ndipo nikaikuta, matairi yamelala chini. Nikamuuliza mbona hukusema? Akanijibu, "Mjomba, sikutaka uone kama sishukuru."

Lile neno liliniuma, na linaniuma mpaka sasa. Pauni 280 ni kama laki tisa, zimesimama ukutani kwa sababu ya beringi mbili. Kosa ni langu. Nilinunua kwa macho ya Sheffield, kitu cha kupandwa Veyula.

Kwa hiyo safari hii nimeanzia upande wa pili. Nilikaa kwanza na mafundi wa hapa, chini ya mti, nikauliza: mzee, kipuri gani ukikitaka leo unakipata leo? Majibu yao ndiyo yaliyonichagulia baiskeli.

Tairi la inchi 26, lipo kila kona. Tyubu yake, ipo. Ekseli ya katikati ya kufunga kwa nyuzi, yenye ncha za mraba, ipo mpya na ipo ya mtumba. Cheni ya gia sita, saba na nane, ni cheni ile ile, ipo. Waya wa breki, upo mpaka kwenye duka la bodaboda.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye faida yetu. Kule Ulaya, kuanzia miaka ya 2012 na 2013, watengenezaji walianza kuliacha gurudumu la 26 na kwenda kwenye 27.5 na 29. Leo foku, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, nzuri ya 26, iliyokuwa ghali wakati wake, mtu anaiuza kwa bei ya chakula cha jioni, kwa sababu mwenzake haitaki. Kilichopitwa kule ndicho kilichojaa hapa! Ndugu yako aliye nje akikuuliza akuletee nini, mwambie usiniletee baiskeli ya mwaka huu, niletee foku ya 26 iliyotunzwa.

Fremu niliipata hapahapa mjini, kwa muuza baiskeli za mtumba. Nilinunua baiskeli nzima iliyochoka, foku imekufa na magurudumu yamepinda, kwa elfu sabini. Nilichokuwa nataka ni chuma chake. Chuma kikipata ufa, fundi mzuri wa kuchomelea anakirudisha. Alumini ni habari nyingine, inataka mashine yake na joto lake, na ikichomelewa ovyo inakatika palepale pembeni ya kovu. Nilikwenda na venia, kile kipimo cha milimita. Kichwa cha fremu kiwe cha kupokea shingo ya foku ya milimita 28.6, ile iliyonyooka juu mpaka chini. Nafasi ya gurudumu la nyuma, milimita 135. Bomba la katikati, linalopokea ekseli ya krenki, upana milimita 68 au 73, lenye nyuzi. Vikikubali hivyo vitatu, rangi usiiangalie.

Kufungua hiyo ekseli ya katikati kulitutoa jasho. Ilikuwa na kutu ya miaka. Niliweka spana upande wa cheni, nikasukuma kama mtu anayefungua nati ya kawaida, na fundi, mzee wa makamo ya baba yangu, akanishika mkono. "Taratibu, mwanangu. Upande huu unafunguka kinyume." Kweli, kikombe cha kulia kinachoshika ekseli nyuzi zake zimegeuzwa ili mzunguko wa pedeli usikilegeze. Unakifungua kwa kuzungusha upande ambao kwingine ungekuwa unakaza. Cha kushoto ni kawaida. Ningeendelea kusukuma vile ningezila nyuzi za fremu, na fremu iliyoliwa nyuzi ni shida kuiokoa. Tukaweka mafuta, tukaiacha ilale. Asubuhi ikatoka kwa sauti moja, taa! Mzee akacheka mwenyewe.

Foku nilitoka nayo Sheffield, pauni 40, ya springi. Ya hewa ni nyepesi, najua, lakini inataka pampu yake maalumu, na sikutaka kumwachia mpwa wangu kitu kingine cha kutafuta. Tahadhari mbili kwenye foku ya mtumba. Pima shingo yake, maana mwenye nayo wa kwanza aliikata kwa urefu wa baiskeli yake, na ikiwa fupi kwako hakuna namna. Na usitafute yenye safari ndefu, yaani inayobonyea sana, kwa tamaa. Fremu za zamani nyingi zilipimwa kwa foku ya milimita 80 hadi 100. Ukifunga ya 140, mbele inanyanyuka na kichwa cha fremu kinabeba mzigo usio wake. Yangu ni 100.

Magurudumu ni ya mtumba pia, spoku 32 kila moja. La nyuma lilikuwa linakwaruza ndani, tukalifungua habu, kile kitovu cha gurudumu, tukaosha gololi kwa mafuta ya taa, tukajaza grisi upya. Wakati tunapaka nikamwambia mzee kisa kimoja. California, mwaka 1976, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu za miaka ya nyuma, zile za breki ya kukanyaga nyuma. Breki ilikuwa inapata moto mpaka grisi inaungua na kutoka moshi, na wakifika chini lazima wafungue habu na kujaza grisi upya. Ndiyo maana mashindano yale yaliitwa Repack, yaani kujaza upya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akatengeneza fremu mpya ya chuma kwa ajili ya kazi ile. Baiskeli za milimani za kisasa zinatokana na watu wale. Mzee akasema, "Kumbe na wao walianza na mikweche." Ndiyo, walianza na mikweche.

Kunyoosha rimu sikugusa, nilikaa kutazama. Mzee hatumii kipimo. Anazigonga spoku kwa ukucha mojamoja, anasikiliza, kama mtu anayeweka sawa ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, kabla ya ngoma. Yenye sauti nzito anaikaza robo mzunguko, anagonga tena.

Breki: mbele diski ya kuvutwa na waya, nyuma breki za kubana rimu, kwa sababu fremu haina masikio ya diski na sikutaka kuyachomelea. Nguvu kubwa ya kusimama inatoka mbele, kwa hiyo pesa niliipeleka mbele. Gia: mbele sproketi moja ya meno 30, nyuma kaseti, yaani rundo la sproketi, ya gia nane, meno 11 hadi 34. Kwenye ile kubwa, ukizungusha pedeli mara moja gurudumu halimalizi hata duara moja. Kwa mlima wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, utapanda umekaa.

Sasa mbigili. Sogeeni muione.

Hii hapa kiganjani. Punje moja, ndogo kuliko punje ya hindi, ina pembe kama za ng'ombe. Iangushe utakavyo, pembe moja itatazama juu. Kiangazi barabara za pembeni zimejaa hizi, na ukichanganya na miiba ya migunga, unaziba pancha mbili kabla hujafika shamba. Sheffield adui ni tope. Hapa adui ni huyu, na kama bajeti yako ina elfu hamsini ya mwisho, iweke hapa.

Tulichofanya ni hiki. Tairi kuukuu tukalikata kingo, ukabaki mkanda wa katikati, tukaulaza ndani ya tairi jipya. Hilo mafundi wetu wanalijua siku nyingi. Juu yake nikaongeza langu: tyubu yenye valvu kama ya gari, ambayo sindano yake inafunguka, nikamimina mililita mia moja za dawa ya mpira wa maji. Mwiba ukitoboa, dawa inakimbilia tundu na kuganda. Kwa joto letu itakauka, kwa hiyo kila miezi mitatu uifungue uongeze. Baiskeli inakuwa nzito, ndiyo. Nimekubali uzito.

Gharama kwa haraka: baiskeli chakavu 70,000, foku kama 132,000, magurudumu 115,000, breki ya mbele 60,000, gia zote na cheni 150,000, matairi mawili 50,000, mzee wetu 40,000. Haikufika laki sita na nusu.

Jana alfajiri mpwa wangu akaipeleka Makutupora, shamba la zabibu la mama, akapita njia ya mawe chini ya kilima na korongo lile la mchanga. Nilimsubiri hapa getini. Aliporudi alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Tukaipindua baiskeli, tukahesabu. Tairi la mbele mbigili nne, la nyuma saba. Nikabonyeza kwa kidole gumba, upepo umo wote.

Alhamisi naondoka. Pula ya kuchomolea krenki na spana ya kikombe cha katikati siondoki navyo. Nimeviacha kwa mzee, chini ya mwarobaini, nyuma ya soko la Majengo. Uliza mafundi baiskeli, watakuonyesha. Tumeshakubaliana: ukija na baiskeli yako, vifaa unatumia bure, umlipe kazi yake tu.