Mbaazi za nazi bila tone la mafuta: pika nami hapa Lamu

Asalaam aleikum, karibuni tena jikoni kwangu, hapa Langoni, mjini Lamu. Mkimsikia punda akilia katikati ya maneno yangu mnisamehe, njia yao inapita chini ya dirisha hili na hawajui kama ninarekodi.

Leo tunapika mbaazi za nazi. Najua kuna atakayeguna, mbaazi nani asiyejua kupika? Lakini maswali yanayonijia ni yale yale kila wiki. Nina presha, niache nazi? Mama ana sukari, mbaazi ataziweza? Kwa nini zangu hazilainiki hata makaa yakiisha? Basi leo mkono utakoroga na mdomo utajibu.

Kazi yenyewe inaanza usiku uliotangulia. Hizi ni mbaazi kavu vikombe viwili, karibu gramu 400, zinatosha watu sita. Zimwage kwenye sinia, uzichague. Usione uvivu hapa, kijiwe kimoja kinatosha kuvunja jino la mtu na kukuharibia jina. Nimeshachagua, nimezitoa mbili tatu zilizotobolewa na wadudu. Zioshe mpaka maji yatoke safi, kisha zimiminie maji mengi, yazipite kwa vidole vinne, kwa sababu zitavimba. Funika, kalale. Saa nane kwenda juu.

Hapa kwenye maji nataka tusimame kidogo. Maji matamu ya mji huu tunayapata upande wa Shela, kwenye vilima vya mchanga. Mvua inanyesha, mchanga unayanywa, unatuwekea chini. Lakini ukichota kwenye baadhi ya visima vya majumbani, maji yake ni magumu, yana chokaa, hata sabuni haitoi povu. Maji kama hayo hufanya mbaazi zikaze. Utachochea moto, utaongeza maji, zenyewe zinakutazama tu. Bibi yangu alikuwa na jabia la maji ya mvua, na maji yale hakuyatumia ovyo, alisema ni ya kunywa na ya kunde na mbaazi. Hakusoma shule, lakini alikuwa amelielewa jambo lenyewe. Kama unayo maji ya mvua, haya ndiyo matumizi yake.

Haya, asubuhi imefika. Mwanangu, lete simu karibu waone. Unaziona zilivyonenepa? Yale maji ya kulowekea usiyapikie, yamwage. Wale wanaoniuliza habari za gesi tumboni, dawa yenu ya kwanza ni hii. Mbaazi zina aina za sukari ambazo tumbo haliwezi kuzisaga, zikifika kwenye utumbo mpana vijidudu vinazichachua, ndipo tumbo linajaa. Kuloweka na kumwaga maji kunazipunguza. Dawa ya pili ni kuzizoea. Mtu aliyekaa mwaka mzima bila kula vyakula vya jamii ya kunde, siku moja akajaza bakuli zima, asilaumu mbaazi. Anza na upawa mmoja.

Sasa sufuria jikoni, maji mapya, moto mkali mpaka zichemke. Toa povu. Ukishatoa povu punguza moto, funika, ziache zitokote. Mimi natumia jiko la gesi leo, na kwa kuwa ziliamkia majini zitachukua saa moja, saa moja na nusu zikiwa ni za zamani. Zilizokaa ghalani sana hukawia.

Mwenye kutaka kuokoa makaa anisikilize. Zichemshe kwa nguvu dakika 15, zikiwa zimefunikwa. Ziondoe jikoni bila kufunua, zifunge kwa shuka nene au blanketi, ziweke ndani ya kikapu, uzisahau kwa saa moja. Joto lile lile linaendelea kupika. Ukizirudisha motoni, hakikisha zinachemka tena vizuri, kisha umalizie. Mimi nilipoanza kufanya hivi majirani walinicheka, walidhani nimefunga mtoto.

Kitu ambacho sitaki mtie ni magadi. Najua yanalainisha haraka, na najua wengi wetu tumelelewa nayo. Lakini magadi yanaua sehemu ya vitamini B zilizomo, na yana sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi ambayo mwenye presha anaikimbia. Ukiloweka vizuri huyahitaji.

Wala usitie nyanya au ndimu mapema. Hili nililijua kwa aibu. Nilikuwa na wageni kutoka Matondoni, nikaona nijitie ufundi, nikakamulia ndimu mbili mbaazi zikiwa bado ngumu. Ukali ule unalikaza ganda. Wageni wakala wali na samaki, mbaazi zikaendelea kutokota mpaka wakapanda mashua kurudi kwao. Mpaka leo wakiniona huniuliza kama zimeiva.

Zikiwa motoni, tukune nazi. Hii ni nazi moja, nitatumia nusu yake. Nusu, mmesikia vizuri. Ile nusu nyingine ni ya wali wa kesho. Kabla ya kuivunja itikise sikioni, usikie maji yakicheza. Isiyocheza maji iache dukani. Ukiivunja inuse, na ukiona imekuwa na rangi ya manjano au inateleza, itupe. Usijaribu kuikata sehemu, harufu haifichiki ndani ya tui.

Kaa juu ya mbuzi, kuna ukizungusha kifuu, na ukianza kuona rangi ya hudhurungi acha, hapo umefika kwenye ganda. Mwenye mashine ya kusagia atie vipande na maji ya vuguvugu, asage, hakuna aliyekatazwa. Mimi mbuzi naipenda kwa sababu ndiyo saa pekee ninayokaa chini.

Tia maji ya vuguvugu nusu kikombe, kamua kwa nguvu, chuja. Hilo ni tui la kwanza, tui zito. Liweke kando, lina zamu yake. Tia maji mengine vikombe viwili, finyanga tena, kamua. Hilo ni tui jepesi. Machicha yaliyobaki ni ya kuku, na vifuu vikauke, havina mfano kwa kuwashia moto.

Sasa lile swali kubwa. Nazi ni mbaya? Kuna msemo wetu, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ndivyo tunavyoifanyia nazi. Mtu presha imepanda, anakuja kuapa kwamba hatagusa tena nazi, na huku mchuzi wake una vijiko viwili vya chumvi, kiungo cha pakiti ambacho nusu yake ni chumvi, na pembeni kipande cha ng'onda. Presha na chumvi ni ndugu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na hizo ni kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya kwenye mkate na ya kwenye samaki mkavu.

Hata hivyo sitaki niipambe nazi kuliko inavyostahili. Haina kolesteroli, kweli, lakini mafuta yake mengi ni yale yanayoganda. Mmeshaiona chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya baridi msimu wa kusi, imeshika weupe. Mafuta ya namna hiyo yakizidi huipandisha kolesteroli ndani ya damu. Kikombe kimoja cha tui zito sana, lililokamuliwa bila maji ya kutosha, kinaweza kufika gramu 50 za mafuta. Ndiyo maana sikuambii uiache, nakuambia nusu nazi kwa watu sita. Hapo mafuta hayafiki gramu 10 kwa mtu. Na kwa kuwa mafuta yamo ndani ya nazi, kitunguu hatukikaangi. Chupa ya mafuta ya kupikia mnaiona pale? Leo inakaa pale pale.

Turudi jikoni. Bonyeza mbaazi moja kwa vidole. Ikipondeka bila kubaki kiini kigumu, imeiva. Maji yabaki kidogo tu chini. Tia kitunguu maji kimoja kikubwa kilichokatwa vipande vyembamba, pilipili mbichi mbili nzima nzima, zipasue kidogo ubavuni, na nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano. Mimina tui jepesi. Chumvi, kijiko kimoja cha chai kisichofurika, kwa sufuria nzima. Gawanya kwa watu sita uone, haifiki hata gramu moja kila mtu. Ziache zitokote dakika 15 bila kufunika, kitunguu kiive humo humo kwenye tui. Ukitaka rojo lishikane, ponda upawa mmoja wa mbaazi kwa mwiko ubavuni mwa sufuria. Mimi hupenda hivyo. Dada yangu hapendi, anasema nimepika uji.

Na sasa lile tui zito. Punguza moto kabisa, mimina taratibu, na koroga upande mmoja bila kusimama mpaka lianze kufurukuta. Usifunike. Ukiliacha lichemke ovyo litakatika, utaona mafuta yanaelea juu na maji chini, kama maziwa yaliyoganda. Bibi alikuwa akipita tu mlangoni, anasikia mwiko umenyamaza, anapiga kelele: "Koroga mtuzi, usiwate!", yaani koroga mchuzi, usiache. Dakika tatu au nne, zima moto. Onja. Ndiyo sasa ukamulie ndimu, nusu tu.

Ile ndimu si ya ladha peke yake. Mbaazi zina madini ya chuma, lakini chuma cha kwenye mimea mwili hukichukua kwa shida. Vitamini C ya ndimu inausaidia. Na kinachouzuia ni kile tunachokipenda sote, chai. Majani ya chai yana kitu kinachokishika chuma kile, kikapita bila kukufaa. Chai ya rangi, chai ya maziwa, zote. Kwa hiyo kula kwanza, chai ije baada ya saa moja. Nawasemea hasa wanawake, wenye mimba na wasichana wanaotoka damu nyingi kila mwezi. Najua mbaazi bila chai asubuhi hapa Lamu ni kama harusi bila vishindo. Jaribu siku tatu.

Mbaazi zetu hizi, gramu 100 zikiwa kavu, zina takriban gramu 21 za protini. Kwa sufuria hii kila mtu anapata kama gramu 14, zaidi kidogo ya mayai mawili. Siku ambayo samaki ni ghali, au upepo umechafuka na mashua hazikutoka, hapa hatukupungukiwa na kitu cha maana.

Ule na nini? Mahamri, bila shaka, nami siwezi kuwadanganya kwamba siyapendi. Lakini hamri ni unga mweupe, sukari, tui, na limezama kwenye mafuta. Kwangu ni la Ijumaa, mawili, basi. Siku nyingine kuna viazi vitamu vya kuchemsha, muhogo, au mkate wa mofa wa mtama ukiupata wa moto. Pembeni weka kachumbari ya nyanya, tango na embe bichi, au mchicha.

Mwenye sukari, sasa zamu yako. Mbaazi zina wanga, usidhani hazina, lakini zina nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo sukari yake inaingia damuni polepole. Kinachokupandisha ghafla ni yale mahamri manne na chai ya vijiko vitatu uliyozisindikizia. Kwako nusu ya sahani iwe mboga za majani au kachumbari, robo mbaazi, robo muhogo au viazi. Dawa zako endelea nazo kama ulivyoandikiwa. Na mwenye maradhi ya figo asinifuate mimi, amuulize daktari wake kwanza, kwa sababu vyakula vya jamii ya kunde vina potasiamu nyingi na wengine huzuiwa.

Swali la mwisho limetoka Malindi: zikibaki nizifanyeje, tui langu linachacha kabla ya adhuhuri? Kwa joto letu, kitu chenye nazi kisipite saa mbili nje. Ninachofanya mimi, nachemsha mbaazi kilo nzima siku moja, bila nazi, bila chumvi. Zikipoa nagawa kwenye mifuko, naweka kwenye friza; ile ninayoiweka chini kwenye friji inakaa siku tatu. Siku ya kupika natia tui tu, dakika 20 niko mezani. Asiye na friji apike za kuisha mlo ule ule, zisibaki. Zikianza kutoa vipovu vidogo na harufu ya uchachu, usizionje kuhakikisha. Tupa.

Mwanangu, weka simu sasa, chukua bakuli. Hapana, hiyo birika irudishe jikoni.